Nyumba ya Zamani Iliyokarabatiwa: Namna ya Kutambua Chanzo cha Unyevu, Nyufa na Hitilafu Nyingine

Katika mitaa tulivu ya zamani ya Nyanda za Juu Kusini, kama Forest ya Zamani jijini Mbeya na Gangilonga mjini Iringa, zimesimama nyumba za familia zinazojitegemea katika viwanja vyake, nyingi zikiwa na kuta nene za matofali ya kuchoma, paa lenye mwinuko mkubwa, na baadhi yake zikiwa na dohani ya mahali pa kuotea moto. Wazee waliozijenga au kuzinunua wamezeeka nazo, na sasa watoto wao wanazikarabati: bati jipya, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, marumaru sakafuni, bafu ndani ya chumba cha kulala, na pevingi uani. Kazi ikikamilika nyumba hupendeza. Kisha hupita masika ya kwanza na kipupwe cha kwanza, na dalili ambazo mwenye nyumba hazielewi huanza kujitokeza: rangi inavimba, dari ina doa, ukuta umepasuka penye kona ya dirisha, kabati linanuka uvundo.

Wengi hukimbilia kumlaumu fundi au kuulaumu uzee wa nyumba, halafu hupiga rangi upya. Namsihi msomaji asifanye hivyo kabla ya kujua chanzo. Sehemu kubwa ya hitilafu za nyumba ya namna hii hutokea pale ambapo kitu cha zamani kimekutana na kitu kipya chenye tabia tofauti: ukuta unaopumua umefunikwa kwa lipu isiyopumua, chumba kilichokuwa na matundu ya hewa kimezibwa kila upande, msingi uliotulia miaka mingi umeunganishwa na msingi mchanga ambao bado unashuka. Mbele ya kila dalili, basi, uliza kwanza hapo palikuwaje kabla ya ukarabati, na ni kitu gani kilichobadilishwa. Kama una picha za zamani za nyumba, hata za harusi au za kipaimara zilizopigwa barazani, zitafute. Mara nyingi zinaonyesha ardhi ilikuwa chini kiasi gani na matundu ya hewa yalikuwa wapi.

Jambo la pili ni kalenda. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine hadi Mei. Baada ya hapo huja kipupwe, na usiku wa Juni na Julai joto la Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Andika tarehe ya kila dalili. Doa lililotokea Januari na doa lililotokea Julai huweza kufanana kabisa kwa sura, lakini mara chache sana huwa na chanzo kimoja.

Ukuta unaolowa kuanzia chini

Dalili yenyewe ni mkanda wa unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda, kwa kawaida usiozidi mita moja hivi. Rangi huvimba na kubanduka kwa magamba, na juu ya mkanda huo hujitokeza unga mweupe wa chumvi unaorudi kila unapofutwa. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na matofali yake mara nyingi yamejengwa kwa udongo au kwa chokaa hafifu. Tofali la kuchoma hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Zamani jambo hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu ukuta uliopakwa chokaa ulikuwa ukiyatoa maji hayo hewani kupitia pande zote mbili, polepole, mwaka mzima. Sasa pande hizo zimepigwa lipu ngumu ya saruji na kumaliziwa kwa rangi ya mafuta. Maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake huganda nyuma ya rangi na kuisukuma hadi ibanduke.

Kabla ya kukubali maelezo hayo, hata hivyo, ni lazima uondoe uwezekano mwingine. Kama unyevu uko upande wa nje tu na haupandi zaidi ya sentimita 30 hivi, na ni mkali zaidi upande usio na gata, basi ni maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye paa na kurukia ukutani. Kama haubadiliki iwe masika au kiangazi, shuku bomba: funga bomba zote za ndani, hakikisha tangi limejaa na haliingizi maji, kisha tazama mita ya maji kwa nusu saa; ikiwa inaendelea kusogea, kuna bomba linalovuja chini ya sakafu au ndani ya ukuta. Kama unaolowa ni ukuta mmoja tu, ule ulio upande wa mlima, tatizo ni maji yanayoshuka chini ya ardhi kutoka kiwanja cha juu. Hali hii ni ya kawaida katika mitaa ya Mbeya iliyojengwa kwenye miteremko ya chini ya mlima Loleza, na dawa yake ni mfereji wa kokoto uliochimbwa juu ya nyumba ili kuyakatia maji njia na kuyapeleka pembeni.

Uthibitisho mzuri zaidi hupatikana kwa tindo na nyundo ndogo. Chagua mahali pasipoonekana sana, nyuma ya kochi kwa mfano, ubandue kipande cha lipu cha ukubwa wa kiganja kwenye usawa wa goti. Usiangalie ukuta kwanza. Geuza kile kipande uangalie mgongo wake. Ikiwa mgongo ni mweusi wa maji ilhali uso wake ulikuwa mkavu, na udongo ulio kati ya matofali unakwaruzika kwa ukucha na kunuka kama shamba baada ya mvua, maji yanatoka ndani ya ukuta na lipu ndiyo inayoyafungia humo. Ikiwa tofali ni kavu na ni uso wa lipu tu uliolowa, chanzo kiko chumbani, na nitakieleza baadaye.

Katika nyumba zilizokarabatiwa, kosa ninaloliona zaidi kuliko mengine yote ni pevingi. Nyumba ya zamani ilijengwa ikiwa imeinuka. Ulipanda ngazi mbili au tatu kuingia barazani. Fundi wa pevingi hujaza kifusi, hukishindilia, hutandaza mchanga na kupanga vitofali, na mwisho wa kazi uani pamepanda hadi karibu na usawa wa sakafu ya ndani. Sehemu ya ukuta iliyokuwa hewani sasa imezikwa. Ardhi ya nje inapaswa kubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na iwe na mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita kuelekea mbali na ukuta. Fikiria pia wingi wa maji yenyewe: paa lenye eneo la mita za mraba 150, likinyeshewa mvua ya milimita 20, humwaga lita 3,000 za maji. Bila gata, na bila mfereji wa kuyapeleka maji hayo mbali, yote huishia mguuni mwa ukuta.

Matengenezo yafuate mtiririko huu, maana ukianzia ndani unapoteza fedha. Kwanza shusha pevingi, au ikiwa fedha hairuhusu, ondoa ukanda wa sentimita 30 hadi 40 kando ya ukuta, uchimbe hadi chini ya usawa wa sakafu, uujaze kokoto, na uwe na njia ya kutoa maji. Weka gata na uzisafishe kila Oktoba, hasa kama una mparachichi au mkaratusi karibu na paa. Baada ya hapo bandua lipu hadi sentimita 50 juu ya mstari wa chumvi, uuache ukuta ukauke. Hapa ndipo subira inapohitajika: mafundi huhesabu takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, kwa hiyo bandua mwishoni mwa Aprili na upige lipu upya kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Lipu hiyo iwe ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja kwa vitatu, au ukitaka iwe ngumu kidogo, saruji moja, chokaa moja na mchanga sita. Juu yake paka chokaa au rangi ya maji, usipake ya mafuta. Kubandika marumaru juu ya ukuta uliolowa ili kuficha tatizo ndilo suluhisho baya kuliko yote, kwa sababu maji yatapanda nyuma yake hadi kwenye fremu za milango, na mbao zitaoza bila mtu kuona.

Doa kwenye dari

Kama doa limeonekana wakati wa mvua, chunguza paa, lakini usitarajie kukuta tundu juu yake moja kwa moja. Maji hutembea juu ya papi na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, na kudondoka mbali na yalipoingilia. Panda darini mchana, zima taa, utafute mwanga unaopenya. Kisha fuata michirizi ya maji kwenye mbao, ukipanda kuelekea kwenye kofia, lile bati la kilele cha paa. Mahali pa kushuku kwanza ni kuzunguka dohani, kwenye bonde ambapo mapaa mawili yanakutana, na penye misumari. Msumari wa bati unapaswa kupigwa kwenye mgongo wa bati na uwe na mpira wake; uliopigwa kwenye mfereji wa bati utavuja, hata kama si mwaka huu. Pale bati linapolalia jingine kuelekea chini, lilaliane angalau sentimita 15, na zaidi kama paa ni la mwinuko mdogo, la sivyo mvua ya upepo itasukumwa ndani.

Dohani inahitaji maelezo zaidi. Fundi aliyezoea nyumba za kisasa hajawahi kukutana nayo, kwa hiyo hupitisha bati hadi kwenye matofali yake na kupaka saruji kwenye maungio. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, na katika hali ya hewa yetu tofauti ya mchana na usiku ni kubwa. Saruji hiyo hupasuka kabla ya msimu kuisha. Njia sahihi ni kuchanja mfereji mwembamba ndani ya dohani, kuingiza ukingo wa bati jembamba lililokunjwa, na kuliacha liangukie juu ya bati la paa bila kugandishwa nalo. Ukitaka kuhakikisha kabla ya mvua kurudi, mwagia maji kwa mpira ukianzia chini ya paa na kupanda polepole, huku mwenzako akiwa darini na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Doa lililoonekana Julai, ambapo mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, ni jambo jingine kabisa, na limewafanya watu wengi wabadilishe bati zima bila sababu. Panda darini alfajiri, kabla jua halijapiga paa. Ukimulika tochi utaona matone yamejipanga chini ya bati, mengine yakining'inia kwenye ncha za misumari, na ukiligusa bati mkono unalowa. Hilo ni jasho la bati. Mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi za watu umepanda darini, umekutana na bati lililopoa, umegeuka maji, na maji yamedondokea jipsamu. Nyumba ilipokuwa na dari ya mbao na matundu kwenye kuta za pembe tatu za paa, mvuke huo ulitoka. Ukarabati umeziba yale matundu, umefunga chini ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) kwa jipsamu au plastiki isiyo na tundu, na mara nyingine feni ya bafuni imeelekezwa darini badala ya nje. Rudisha matundu kwenye kingo za paa na kwenye kuta za pembe tatu, uyafunike kwa nyavu ili popo na panya wasiingie, na bomba la feni litokee nje kabisa.

Kuvu, uvundo na vioo vinavyotiririka

Madoa meusi ya kuvu kwenye kona za juu za chumba, au nyuma ya kabati la nguo, pamoja na maji yanayotiririka kwenye vioo asubuhi, yanaonyesha kuwa chumba hakipumui. Hutokea zaidi kwenye kuta zinazotazama kusini, na sababu yake ni ya kijiografia: Mbeya na Iringa ziko kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni na Julai jua hupita upande wetu wa kaskazini, hivyo kuta za kusini hukaa bila jua wakati ule ule ambao baridi ni kali zaidi. Ukitaka kujua kama unyevu unatoka ukutani au hewani, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 juu ya doa, uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa juu yake, yanatoka kwenye hewa ya chumba.

Dirisha la zamani la mbao au la chuma lilikuwa na mianya, na juu yake palikuwa na matundu ya hewa yaliyojengwa kwa matofali. Dirisha la alumini linafunga vizuri, na matundu kwa kawaida huzibwa kwa lipu siku ile ile linapowekwa. Yafungue. Baridi itakayoingia ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, na ufungue madirisha nusu saa kila siku, hasa baada ya kuoga na kupika. Kuvu lenyewe lioshwe kwa maji yenye dawa ya kufulia ya klorini, dirisha likiwa wazi, bila kuichanganya na dawa nyingine yoyote ya usafi.

Hapa nina neno ambalo ni zito kuliko mambo yote ya rangi na lipu. Katika nyumba ya zamani iliyokuwa na mianya, familia nyingi zimezoea kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa kipupwe. Nyumba ile ile ikishazibwa, mazoea hayo yanaua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu zaidi ya mmoja ndani ya nyumba, ambako hupungua wakitoka nje, ni dalili ya hatari ya mara moja: toeni watu wote nje, fungueni madirisha na milango mkiwa mnatoka, na mpelekeni aliyezidiwa hospitali. Vivyo hivyo, msiwashe moto kwenye mahali pa kuotea moto kabla ya kuhakikisha dohani iko wazi hadi juu. Mara nyingi hufunikwa kwa bati wakati wa kuezeka upya, au ndege wamejenga ndani yake, na wageni wa nyumba hawajui.

Nyufa

Ufa usomwe kwa umbo lake. Nyufa nyembamba kama uzi, zilizosambaa bila mpangilio kwenye lipu mpya, ni za lipu kukauka haraka au kuwa na saruji nyingi kupita kiasi, hazina hatari. Ufa wa wima ulionyooka mahali ukuta wa zamani unapokutana na chumba kilichoongezwa unaonyesha kwamba kuta hizo hazikufungwa pamoja, na kwamba msingi mpya unashuka kidogo huku wa zamani umekwisha kutulia. Sehemu nyingi za Mbeya zina udongo mwepesi uliotokana na majivu ya volkano, ambao hushuka ukilowa, kwa hiyo msingi mpya usioshindiliwa vizuri utaendelea kushuka masika hadi masika. Ufa huo usizibwe kwa saruji ngumu. Subiri utulie, kisha uzibe kwa kitu chenye kunyumbulika na uufunike kwa ubao mwembamba.

Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha au mlango ndio unaohitaji uangalifu. Nyumba nyingi za zamani hazina lenta ya zege, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya madirisha na milango, iliyozunguka nyumba nzima. Zina kipande cha mbao au cha zege juu ya kila uwazi tu. Fundi anapopanua dirisha dogo la zamani ili kuweka la alumini, huweza kuacha lenta fupi isiyolala ukutani vya kutosha pande zote mbili, au asiweke kabisa akitegemea fremu, na fremu ya alumini haikutengenezwa kubeba matofali. Dalili inayoambatana nayo ni dirisha kuanza kuwa zito kusogeza. Hali mbaya zaidi ni ya ukuta wa ndani ulioondolewa ili sebule iwe pana, bila kujua kwamba kenchi za paa zilikuwa zimeulalia. Dari itaonekana imelegea katikati, na ufa wa mlalo utatokea juu ya kuta za nje, ambazo sasa zinasukumwa na paa.

Ili kujua kama ufa bado unatembea, chora mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe pembeni, na upime upana wake mahali pamoja kila mwezi. Ufa usiobadilika kuanzia masika hadi mwisho wa kiangazi umetulia. Ufa unaozidi milimita 5, unaoendelea kukua, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta, umwite mhandisi wa majengo, na wakati ukisubiri usimwache mtu alale chini ya ukuta huo. Mbeya iko mahali mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, na mitetemeko midogo si jambo geni. Nyufa nyingi zikijitokeza kwa usiku mmoja, waulize majirani kabla ya kuchimba msingi.

Mbao, milango na sakafu

Mlango unaokwama masika na kuacha mwanya kiangazi umetengenezwa kwa mbao mbichi. Paini tunayopata kutoka Sao Hill kule Mufindi ni mbao nzuri, lakini huuzwa mara nyingi kabla haijakauka. Usiupunguze kwa randa wakati wa mvua, kwa sababu Agosti utakuwa na mwanya wa kupitisha mjusi; subiri kiangazi, uupake rangi au vanishi pande zote pamoja na kingo za juu na chini, ambazo mafundi huziacha. Mlango wa zamani wa mninga ulioanza kukwama baada ya ukarabati ni habari nyingine: ama sakafu imepandishwa kwa marumaru, ama fremu imesukumwa na ukuta, na hapo rudi kwenye mambo ya nyufa.

Kwa mchwa, tafuta njia zao za udongo kwenye msingi na kwenye fremu, na uzigonge mbao kwa mpini wa bisibisi. Inayolia utupu imeliwa. Kenchi mpya ziwe zimetiwa dawa, na njia za mchwa zivunjwe kuanzia ardhini. Mchwa hupenda unyevu, kwa hiyo nyumba iliyopona unyevu wa chini kwa kawaida huwa imepona nusu ya mchwa pia.

Marumaru zinazolia utupu ukizigonga kwa sarafu, au zilizoinuka ghafla katikati ya chumba, kwa kawaida zimebandikwa juu ya sakafu ya zamani ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta kwa miaka mingi. Gundi haishiki kwenye nta. Hakuna njia ya mkato. Zibanduliwe, sakafu ichanjwe, ioshwe, kisha zipangwe upya kwa kuacha nafasi ndogo kati yake na pembeni mwa kuta.

Umeme

Taa zinazofifia mtu anapowasha shawa ya umeme zinaonyesha waya mwembamba au maungio yaliyolegea. Hesabu ni rahisi: shawa ya wati 4,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 20. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 hauwezi kubeba mzigo huo kwa usalama, na wa soketi wa 2.5 unakuwa kwenye ukingo wake. Shawa inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye saketi breka yake, wa milimita za mraba 4 au 6 kwa kadiri ya nguvu na urefu wa njia. Nyumba ya zamani iliwekewa nyaya kwa ajili ya taa chache na redio. Ukarabati ukiongeza shawa, oveni na pasi juu ya nyaya zile zile zilizofichwa nyuma ya jipsamu mpya, joto hujikusanya mahali usipoweza kuliona. Soketi yenye weusi, plagi inayochoma kidole, au harufu ya plastiki iliyoungua: zima meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa bomba la shawa, usiendelee kuoga hata siku moja. Nyaya nyingi za zamani hazina ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, au ethi yake ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, na bomba hilo sasa limebadilishwa kuwa la plastiki, kwa hiyo ethi imebaki inaning'inia bila kufika ardhini. Mwenye nyumba hawezi kuliona hilo kwa macho. Inatakiwa fimbo mpya ya ethi, kipimo cha ukinzani wake, na swichi ya kinga inayokata umeme kwenye uvujaji wa miliampea 30, vyote vikifanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama uniti za LUKU zinaisha haraka kuliko kawaida, zima saketi breka zote na uitazame taa ya mita. Ikiendelea kumeta, kuna uvujaji kati ya mita na breka, na ikiacha, washa moja moja hadi uijue saketi yenye tatizo.

Maji na choo

Maji yenye rangi ya kutu asubuhi, yanayosafika baada ya dakika chache, yamelala ndani ya bomba la chuma la zamani lililobaki mahali fulani kati ya mita na nyumba. Shinikizo likiwa dogo kwenye bomba moja tu, safisha kichujio chake. Likiwa dogo kote, kutu imejaa ndani ya kipande hicho cha chuma, na ni bora kukibadilisha kuliko kununua pampu. Shawa ya umeme isiyowaka, ilhali umeme upo, mara nyingi haipati shinikizo la kutosha: kila mita 10 za kimo cha tangi hutoa baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya shawa hutoa baa 0.3 tu, na kiwango cha chini inachohitaji shawa kimeandikwa kwenye karatasi yake.

Harufu ya choo katika bafu jipya huwa na sababu mbili za kawaida. Bafu la wageni lisilotumika hukauka maji yanayobaki kwenye mkunjo wa bomba, na kumwaga ndoo moja kunamaliza tatizo. Kama sinki linabwabwaja maji ya choo yanaposhuka, bomba la kutolea hewa halikuwekwa au limefunikwa na bati jipya. Choo kinachoshuka vizuri kiangazi na kugoma Februari kinaelekeza kwenye shimo la kunyonyea maji: ardhi imejaa, au maji ya gata yameunganishwa kwenye chemba ya choo, jambo linalofanywa mara nyingi kwa kuokoa bomba. Fungua chemba mvua inaponyesha; ukiona maji safi yanamiminika humo wakati hakuna anayetumia choo, tenganisha njia hizo mbili kabla ya kuchimba shimo jipya.